Kisiwa Chenye Mlango

Siku sita, Teuira. Miaka kumi na tisa ya kupiga pasi
mashuka ya wageni hapa Papeete, na likizo niliyopewa ni siku sita.
Leo usianze na bei.
Sogeza sahani ya samaki, tandaza ramani,
hapo penye doa la kahawa. Doa nalo tulihesabu kisiwa.

Wewe unasema Huahine.
Huahine nakijua kwa masikio: Shangazi Titaua
alikwenda kuzika, akakaa miezi miwili.
Kuna kijito, anasema, chenye mikunga wa macho ya buluu,
wanene kama paja la mtoto; wanakula samaki wa kopo
mkononi mwa mtu, hawana haraka.
Ukilala mchana, hakuna atakayekuuliza unaumwa nini.
Lakini tuna binamu kila nyumba kule,
na kila binamu ana sufuria jikoni,
na mimi mbele ya sufuria chafu mikono hainitii.
Mazoea yana taabu. Nitaamka alfajiri
kuosha vyombo vya watu.

Tikehau, basi? Mchanga wake una rangi
ya ufizi wa mtoto mchanga.
Niliuona kwenye kalenda, juu ya mashine ya kukaushia,
ukurasa wa Juni. Juni ilipokwisha sikuufunua.
Mpaka Desemba, kwetu dobini ilikuwa Juni.
Ila picha ile nimeipiga pasi kwa macho mara nyingi mno,
nachelea nikifika nitaikuta imekunjamana.

Unacheka. Mchagua jembe si mkulima, unasema.
Kweli. Lakini mimi sichagui jembe, mume wangu,
nachagua mahali pa kulitua.

Maupiti.
Weka kidole hapa, polepole, usikifunike chote.
Kisiwa hiki kina mlango mmoja,
ufa katika mwamba wa matumbawe, maji yanautoka
kwa hasira, kama mtu aliyefukuzwa kazi.
Bahari ikichafuka kusini, meli inakuja, inachungulia, inageuka.
Walio nje wanabaki nje.
Walio ndani,
walio ndani, Teuira, wanabaki ndani.

Kijana wa tiketi, yule mwenye hereni moja, alinionya:
"Mama, mawimbi ya majira haya si ya kuaminika.
Daktari wa meno alikwenda kwa siku mbili
akakaa kumi na moja."
Alisema kwa huruma. Nikamwomba arudie.
Kumi na moja! Tangu hapo simwachi yule daktari:
koleo lake mfukoni, kila asubuhi
anatembea hadi gatini, anatazama povu,
anatikisa kichwa kwa huzuni ya adabu tu,
kisha anarudi kula tikitimaji.

Bi Solange atapiga simu. Atataja mashuka mia mbili.
Nami nitaielekeza simu baharini
asikie mwenyewe mlango unavyobamizwa.

Anasa siitaki. Anasa naijua kwa upande wa ndani,
madoa yake nayatoa kwa ndimu na chumvi.
Nataka shuka moja lisilonyooshwa, lenye mchanga miguuni,
nikiamka nilikute na makunyanzi yake
na mtu asilivute.

Umenyamaza. Unahesabu kwa vidole chini ya meza.
Basi la shule, najua: nani ataliendesha.
Haya, sema bei.

Ngoja. Fungua redio kwanza,
ni saa ya habari za bahari.
Shwari, anasema mtangazaji. Kusini shwari wiki nzima.
Tunatazamana kama watu waliopewa taarifa ya msiba.

Unapangusa kalamu kwenye shati.
"Mtangazaji huyu," unasema, "hajawahi kupatia,"
na kwenye fomu, palipoandikwa tarehe ya kurudi,
unaandika kwa wino hafifu sana.